Baiskeli Aliyoahidiwa Mungu

Ukitoka hospitali na chuma ndani ya paja, watu watakuuliza mengi, lakini swali moja litarudi kuliko yote: "Utaendesha tena?" Mimi nilianza kuulizwa kabla hata sijaweza kukaa kitandani. Naandika haya kwa ajili yako uliyelala mahali ukilitafutia jibu. Mambo ya mifupa siyajui, waulize wanaoyajua. Ninachokijua ni aibu, maana nimelala nayo kitanda kimoja karibu mwaka mzima.

Naitwa Elinaike, nyumbani wananiita Naike. Ni fundi cherehani, nina chumba cha kushonea Majengo, hapa Moshi mjini. Baiskeli niliianza ukubwani, kwa kushawishiwa na rafiki yangu Shose, mwalimu wa sekondari mwenye mdomo usiochoka. Kila Jumamosi asubuhi tulitoka kikundi, wanaume na wanawake, tukashika barabara kuu hadi Himo. Tukijisikia vizuri tuliunganisha mpaka Holili mpakani, tukanywa chai na chapati, tukageuza. Sasa fikiria mama wa Kichaga mwenye binti bweni anapita barabarani na kaptula ya kubana na kofia ngumu kichwani! Mama yangu, anayeishi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, Old Moshi, aliletewa habari hizo na kina mama wa usharika wake kana kwamba wanampa pole ya msiba. Nami, sitadanganya, nilifurahia kusemwa. Nilipenda kuitwa yule mama wa baiskeli.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi limejaa kila mahali. Tulikuwa tunarudi kutoka Holili, mimi nikiwa wa nyuma. Lori la mahindi lilikuwa linalipita gari jingine. Nakumbuka kivuli kikinifunika, na harufu ya breki. Kilichofuata nasimuliwa tu.

Nyonga ilipasuka, paja likavunjika mara mbili, na kichwani niligongwa vya kutosha kunilaza siku kadhaa nisijue asubuhi wala jioni. Nilipozinduka, mguu ulikuwa umening'inizwa kwa uzito mwishoni mwa kitanda, na masika yalikuwa yameanza. Masika yote niliyasikia kwenye bati la wodi. Kuna wakati mvua ilizidi hadi wagonjwa na wauguzi tukawa tunaongea kwa ishara.

Hakuna aliyeniambia kwamba maumivu yanazoeleka upesi kuliko poti. Mtu mzima, mwenye duka, anayesimamia kamati ya harusi, analala chali na kuinuliwa kiuno na mume wake ili ajisaidie, na nyuma ya pazia jembamba kuna familia ya mgonjwa mwingine inakula wali. Baba Nuru, ndiye mume wangu, hakuwahi kukunja uso. Alikuwa anabeba poti lile ameangalia mbele kama mtu anayepeleka sadaka. Mimi ndiye niliyekuwa nageukia ukutani. Wakati mwingine nilijizuia kunywa maji siku nzima ili nisimwite, hadi muuguzi akanigombeza.

Wenzangu wa Jumamosi walikuja muda wa kuona wagonjwa, wamejipanga kuzunguka kitanda. Shose alinishika kidole gumba cha mguu mzima.

"Naike, usikate tamaa. Tutakusubiri. Hata mwaka."

"Nisubirini," nikasema.

Hapo sikuwa nasema uongo. Nilikuwa bado sijajijua.

Habari ya nadhiri niliipata kwa Mama Anande, jirani yetu wa Old Moshi, aliyekuja na chupa ya mtori, supu ya ndizi na nyama. Kwetu mtori ni wa mzazi na wa mgonjwa, na unapoletewa unakunywa, utake usitake. Wakati ananinywesha kwa kijiko, akaniambia kwa furaha kwamba siku zile nilizolala bila fahamu, mama yangu alipiga magoti kwenye korido ya hospitali, mbele ya kina mama wa jumuiya waliokuja kumtia moyo, akasema kwa sauti, "Bwana, ukinirudishia mwanangu, ile baiskeli nakupa wewe."

"Na amekurudisha!" akasema Mama Anande. "Si unaona?"

Kwa asiyejua desturi yetu, niseme hivi: ukimwahidi Mungu kitu mbele ya watu, kimeshakwenda. Siku ya shukrani kinapelekwa kanisani, na ibada ikiisha kinapigwa mnada pale nje pamoja na mikungu ya ndizi, kuku, mayai na maziwa. Anayetoa dau la juu anachukua, fedha ni ya kanisa. Hakuna anayerudi nyuma. Kosa la mama yangu lilikuwa moja tu: alitoa kisichokuwa chake.

Nililia. Baba Nuru alipofika akanikuta nalia, akauliza, akaelezwa, akakasirika sana kwa niaba yangu. Alidhani naililia baiskeli. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu kuna mzigo ulikuwa umenitoka kifuani, na sikuelewa kwa nini. Nikamwacha na dhana yake.

Baada ya masika nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa chuma, kisha nikaruhusiwa. Nyumba yetu ya mjini ina ngazi, kwa hiyo nikapelekwa kwa mama. Kipupwe kile kilikuwa kikali. Ukungu ulishuka mlimani asubuhi ukakaa kwenye migomba hadi saa za chakula, na mlima wenyewe sikuuona kwa wiki nyingi. Mguu ulikuwa umekonda, umebaki ngozi na goti. Nywele upande wa jeraha ziliota fupi na nyeupe. Mama alinikanda kila asubuhi kwa maji ya moto, na kila jioni alimwambia aliyekuja kunisalimia, "Unaona mwenyewe. Desemba watoto wote wakirudi nyumbani, tutampeleka Bwana shukrani yake."

Mambo yalichacha siku Baba Nuru alipopanda kuniona akamkuta mama anapanga nani atabeba nini siku hiyo.

"Mama, heshima yangu kwako haijapungua," alianza, na nikajua hapo pabaya. "Lakini baiskeli ile ni ya mke wangu. Aliinunua kwa jasho lake la cherehani. Akipona ataiendesha. Tutoe kitu kingine."

"Na huyo mke wako ni wa nani kwanza?"

"Sijasema si mwanao, mama."

"Ulikuwepo nilipoahidi? Ulikuwa umekwenda kutafuta dawa. Mimi nilikuwa nimebaki na Mungu tu. Sasa unataka nimwambie nilikuwa natania?"

Wakanigeukia wote wawili. Nilikuwa na bakuli la mtori mikononi. Nikaupuliza. Niliupuliza hadi ukapoa kabisa. Baba Nuru akachukua koti lake akashuka mjini, na kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa anatuma salamu kwa simu tu. Kwetu mkwe kumjibu mama mkwe si jambo dogo, na alilifanya kwa ajili yangu. Ningeweza kulimaliza kwa neno moja. Sikulisema, kwa sababu neno lenyewe nililiogopa kuliko lori.

Neno hilo lilikuwa limenifikia wiki chache kabla, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Nilikuwa nashuka hospitali kwa magongo, nakaa kwenye benchi la korido na wenzangu wa nyonga na magoti, tunajuana kwa mifupa kuliko kwa majina. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Rehema. Siku hiyo akaniambia, "Leo utafurahi, nimesikia wewe ni mtu wa baiskeli," akanipeleka kwenye ile baiskeli ya mazoezi iliyofungwa sakafuni.

Nikapandishwa. Nikaweka mguu kwenye pedeli. Nje barabarani gari kubwa likapiga honi.

Mkojo ulinitoka. Sikusikia hata ukianza. Niliona tu sketi inabadilika rangi, kisha matone sakafuni, na chumba kizima kilikuwa na watu, tena mzee mmoja wa Machame alikuwa ametazama upande wetu. Baiskeli yenyewe haiendi popote, imefungwa kwa nati, na mimi nimeshika usukani wake nalowa kama mtoto.

Rehema alirudi hatua nyuma, akaipiga teke ndoo ya kudekia iliyokuwa pembeni, maji yakamwagika yakanirukia hadi magotini.

"Jamani, ndoo yangu! Samahani sana mama, nimekulowesha!" akapiga kelele, kisha akaanza kudeki huku anajilaumu mbele ya watu wote.

Nikimfikiria hadi leo natokwa na machozi. Lakini siku ile sikumshukuru hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba mguu umeuma sana, hivyo zoezi la baiskeli limeahirishwa. Tangu hapo, Shose akipiga simu kuuliza, nilikuwa na jibu zuri: "Wewe, ile baiskeli ni ya Mungu sasa, mimi nitasemaje?" Akisema watanichangia nyingine, nilimjibu tusubiri nadhiri iishe kwanza. Kila mtu alinihurumia kwa kunyang'anywa kitu ambacho nilikuwa naomba kichukuliwe haraka.

Vuli ilipofika nilikuwa nimetoka kwenye magongo, natembea na fimbo. Kahawa ilikuwa inachumwa, nami nilikaa kwenye kigoda nachagua mbivu na mbichi, kazi ya watoto na wagonjwa. Baiskeli ilikuwa kwa fundi Majengo. Mama alikuwa amesema Mungu hapelekewi kitu kibovu, na Baba Nuru, pamoja na hasira zake, akaipeleka ikanyooshwa ringi, ikabadilishwa cheni na usukani. Alisema kama inaondoka, iondoke kwa heshima.

Desemba watu walipanda kutoka Dar, Arusha na kwingine, magari yakajaa hadi kwenye njia za migomba. Jumapili ya shukrani kanisa lilifurika. Tuliingia kwa wimbo, mimi mbele na fimbo yangu, mama ameshika mkono wangu, Baba Nuru nyuma anasukuma baiskeli, na nilikuwa nasikia cheni yake mpya kila hatua. Mchungaji akanipa nafasi ya kusema neno. Nikasema yale yanayosemwa: namshukuru Mungu, madaktari, mume wangu, mama yangu. Watu wakapiga makofi. Uso ulikuwa unaniwaka. Nilijiona tapeli aliyesimama madhabahuni.

Mnada ulifanyika nje, kwenye ngazi za kanisa. Mzee Eliakimu, mzee wa kanisa, ndiye dalali wetu wa miaka yote, na anaupenda mnada kuliko mahubiri.

"Kuku huyu wa kienyeji! Mtazameni macho yake! Huyu anataga hata akiwa amekasirika! Nani anaongeza?"

Watu wananunua na kugawa. Mtu ananunua mkungu anampa mchungaji, mwingine ananunua maziwa anampelekea bibi yake pale pale. Ndiyo raha yenyewe ya mnada wetu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, na ni hapo, kwa kuchelewa sana, nilipoelewa kitakachotokea. Maana kwenye lango la kanisa nilimwona Shose na kikundi chote cha Jumamosi. Walikuwa wamepanda mlima kwa baiskeli zao, wamelowa jasho, wanatabasamu.

Baiskeli ikanyanyuliwa. Mjomba wangu wa Dar akatoa dau. Kijana mmoja mwenye duka la vipuri akaongeza. Shose akanyoosha mkono akaongeza, na kila aliyepanda juu, yeye alipanda zaidi. Mjomba akacheka akamwachia.

"Imekwenda kwa mwalimu!" Mzee Eliakimu akapiga makofi. "Haya mwalimu, unaipeleka wapi?"

"Tunamrudishia mwenyewe!"

Vigelegele vililipuka. Mama Anande alikuwa anarukaruka. Wakaniinua kwenye benchi, wakaniletea baiskeli hadi mbele yangu, mtu akachukua fimbo yangu. Uwanja wa kanisa ni wa nyasi, tambarare, hauna hata gari. Watu wakaanza, "Panda! Panda!" Shose alikuwa analia kwa furaha. Nilishika usukani ili nisianguke tu. Nadhiri ilikuwa imetimia, mguu ulikuwa umepona, baiskeli ilikuwa yangu, na sikuwa na mtu mwingine wa kumsingizia.

"Naogopa," nikasema.

Shose alisogea. "Unasemaje?"

"Naogopa. Sipandi."

"Ni mguu bado?" akauliza Mzee Eliakimu, kwa sauti ile ile ya mnada, maana hana nyingine.

"Mguu umepona, mzee. Ni mimi ninayeogopa. Hata ile ya hospitali iliyofungwa sakafuni nilishindwa. Nilijikojolea. Sitaendesha tena."

Niliona uso wa Shose ukikunjamana. Niliona watoto wa mjomba wanatazamana. Nilitaka ardhi inimeze, na haikunimeza, nikabaki nimesimama pale na siri yangu ya aibu kuliko zote ikiwa mikononi mwa usharika mzima.

"Ichukueni," nikamwambia Shose. "Ni yenu kwa haki. Mkimpata anayeitaka, mpeni."

Aliipokea. Akaisukuma kuelekea langoni bila kugeuka, na sikumlaumu.

"Haya!" Mzee Eliakimu akageuka, Mungu ambariki. "Mkungu huu wa ndizi! Mshare halisi! Nani anaanza?"

Tuliporudi nyumbani kwa miguu, Baba Nuru alikuwa ametangulia mbele kidogo. Kisha akasimama akanisubiri.

"Nimegombana na mama yako kipupwe kizima, Mama Nuru."

"Najua."

"Ungeniambia tu."

"Nilitaka ionekane kuna aliyenikataza. Wewe au yeye, yeyote. Mradi nisionekane nimekataa mwenyewe kwa woga."

Hakucheka, wala hakunibembeleza. Alisema ameumia, na alikuwa na haki ya kuumia. Kisha akanipa mkono kwenye ule mteremko wa utelezi, tukashuka pamoja.

Asubuhi yake nilimkuta mama zizini, anakata shina la mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Nikamwamkia. Aliitikia, akaendelea kukata. Nilidhani atanigombeza kwa kumwaibisha mbele ya watu.

"Unamwona huyu?" akasema, ananyoosha panga kwa ng'ombe. "Wakati ule wa hospitali alikuwa na maziwa mengi kuliko ng'ombe wote wa hapa mtaani. Nilipopiga magoti nilimfikiria yeye kwanza. Naapa, Naike, jina lake lilifika hapa." Akagusa midomo. "Halafu nikaogopa. Nikasema baiskeli."

Nilishika nguzo ya zizi.

"Mtoto wangu anakufa, na mimi namwonea uchungu ng'ombe. Nikatoa cha kwako, ili nisitoe changu. Nimelala na jambo hilo tangu masika. Jana ulipojisema mbele za watu nikaona, kumbe inawezekana." Akafuta panga kwenye jani. "Nimeshamwambia mchungaji. Akizaa, ndama ni wa Bwana."

Kisha akaniambia nisisimame tu, nimsaidie kubeba majani. Tukafanya kazi hiyo hadi jua lilipotoka, na mlima ukaonekana wote, mweupe juu.

Nilirudi mjini kiangazi kilipoanza tena. Chuma kimo, kinanijulisha mvua kabla haijanyesha. Shose alichukua muda kuja. Alipokuja hakuzungumzia baiskeli, aliniletea zipu iliyoharibika, na mimi nikamtengenezea, na ndivyo tulivyopatana. Jumamosi nilikuwa nachelewa kufungua ili nisiwaone wakipita. Sasa nafungua muda wa kawaida.

Kwako wewe uliyelala, sikwambii urudi wala usirudi. Wapo niliokaa nao kwenye benchi la korido waliorudi kwenye pikipiki zao na wanaendelea vizuri, na nawaheshimu. Nakwambia tu kwamba jibu ni lako, na ukimpa mtu mwingine alibebe, atalibeba kwa gharama yake.

Wiki iliyopita aliingia dada mmoja wa benki, mgeni mjini, na suruali yake ya mazoezi inayompwaya. Akasema amejiunga na watu fulani wanaoendesha Jumamosi, wamemwazima baiskeli nzuri ajifunzie. Nilichungulia mlangoni. Ilikuwa ile yangu, imeegemezwa ukutani. Hakujua, wala sikumwambia.

"Na wewe dada, huwa unaendesha?" akaniuliza.

"Niliwahi. Nikagongwa, nikapona, nikaogopa, nikaacha."

"Pole," akasema.

"Asante," nikasema, nikamwambia asimame wima nimpime.